Tulimchangia Mauzo

Runinga ya dukani kwetu haikuwahi kuonyesha mpira wala tamthilia. Ilifungwa ukutani juu ya rafu ya satini, mahali ambapo mteja anayeingia kutoka mtaani angeiona kabla hajaona kitambaa, na kazi yake ilikuwa kutuonyesha sisi wauzaji. Kila mmoja alikuwa na namba yake, picha yake ndogo na utepe wa rangi unaorefuka kadiri anavyouza. Utepe ukiwa wa kijani, unafanya vizuri. Wa njano, umelegea. Mwekundu, anza kuulizia nauli ya kurudi kwenu. Wateja walikuwa wakituuliza kama yale ni mambo ya uchaguzi. Nilikuwa nawajibu kuwa ndiyo, tunagombea kubaki.

Nasema haya kwa hasira na sina mpango wa kuificha. Lakini sikuuchukia mfumo huo siku ulipowekwa. Niliushangilia. Enzi za bosi mzee, aliyeonekana anauza ni yule mwenye domo, anayemshika mteja mkono mlangoni na kumpitisha mbele ya bosi kwa kelele, hata kama jora lenyewe limetafutwa, limeshushwa na kupimwa na mtu mwingine. Mimi si mtu wa kelele. Nilikuwa kona ya mapazia, nyuma kabisa, na kwa miaka niliuza kimya kimya huku sifa zikiishia mlangoni. Nilipoambiwa kuna mashine itakayoandika kila jora na aliyeliuza, nilisema afadhali, sasa tutajuana.

Shoga yangu alikuwa kona ya vitenge, jirani na kona yangu. Yeye wa Lindi, mimi wa Songea, na duka zima tulikuwa sisi wawili tu watu wa kusini, wengine wengi wakiwa ndugu na majirani wa bosi kutoka Kilimanjaro. Alikuwa mwembamba, mweusi tii, mwenye kicheko kinachosikika mpaka duka la vifungo la jirani. Hakuwa na tabia ya kumsifia mteja. Mama akishika kitenge kisichomfaa, shoga yangu anamwambia, "Hicho kiache, utaonekana pazia. Mapazia yanauzwa kule," na ananinyooshea kidole mimi. Wateja walimpenda kwa hilo, wakawa wanarudi kwake mwaka hadi mwaka.

Kisha figo zikamgoma. Ilianza kama uvimbe wa miguu ambao sote tuliulaumu kwa kusimama, maana Kariakoo nani asiyevimba miguu. Ugonjwa ulipojulikana, alikuwa tayari mtu wa kulala kwenye mashine ya kusafisha damu kila Jumanne na Ijumaa, kuanzia alasiri mpaka giza linaingia. Gharama yake kwa watu kama sisi haisemeki. Kilichomlipia ni kadi ya bima ya afya, na kadi hiyo aliipata kwa sababu alikuwa mwajiriwa wa duka. Naomba hilo lishikwe tangu mwanzo, kwa sababu mengine yote yalilizunguka. Kazi ikikatika, kadi inakatika, na kadi ikikatika, damu haisafishwi.

Bosi mzee alijua. Hakuna aliyemwambia, ila yule mzee aliyekaa kwenye kiti chake cha plastiki pembeni mwa mlango hakuwa akiona wezi tu. Jumanne moja alimwona shoga yangu akiitazama saa ya ukutani mara kwa mara, akamwita mbele yetu sote kwa sauti ya ukali.

"We mama, nenda Gerezani kanikagulie mzigo. Ukimaliza usirudi huku, nenda nyumbani moja kwa moja."

Mtaa wa Gerezani tulikuwa na stoo, lakini siku hiyo hapakuwa na mzigo wa kukagua. Ijumaa akamtuma tena. Tangu hapo ikawa desturi, na mteja akimwulizia tukawa tunajibu hivyo hivyo, amekwenda Gerezani kukagua mzigo. Sikuwahi kumsikia yule mzee akitaja neno ugonjwa.

Halafu mzee mwenyewe akapata kiharusi. Alibaki nyumbani, upande mmoja umelala, maneno hayatoki, na binti yake akashika duka. Alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka masomoni. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa angekuwa mbaya, kazi ya kuandika haya ingekuwa nyepesi. Alituamkia shikamoo sisi tuliomzidi umri, alileta feni kila kona, aliondoa ule mchezo wa kukatwa mshahara kwa kuchelewa dakika kidogo. Ila kile kiti cha plastiki hakukikalia. Alikaa ghorofani, kwenye ofisi ya vioo, na akawa anatutazama kupitia mfumo.

Mfumo wenyewe ulikuwa hivi. Kaunta iliwekwa kishikwambi kimoja. Ukimaliza kuuza unakwenda pale, unaandika kitambaa gani na kiasi gani, kisha unaingiza namba yako ya muuzaji, na hapo hapo utepe wako ukutani unarefuka. Mfumo unakumbuka siku na saa, na mwisho wa mwezi unamwandalia binti bosi taarifa yenye michoro. Tulisainishwa mikataba mipya, tukaambiwa kwamba anayekaa kwenye nyekundu miezi miwili mfululizo mkataba wake hauongezwi.

"Siyo mimi ninayeamua," alisema, na naamini alidhani anatufariji. "Data ndiyo inaamua. Hapa hakuna upendeleo tena."

Wa kwanza kuondoka alikuwa muuzaji wa satini aliyepata kifua kikuu. Hakufukuzwa. Aliambiwa kwa upole akapumzike nyumbani mpaka apone, na mkataba ukaisha akiwa anapumzika. Shoga yangu aliyaona yote hayo kutoka kwenye kona yake, akafunga mdomo. Binti bosi alipouliza mbona Jumanne na Ijumaa alasiri haonekani, msimamizi wetu, ambaye ni mpwa wa bosi mzee, alijibu jibu lile lile la miaka yote. Alisema yuko Gerezani. Akaongeza la kwake, kwamba huko anawahudumia wateja wa jumla, wanachagua mzigo stoo kisha wanakuja kulipia dukani. Binti bosi akaandika, akaridhika.

Mwezi wa kwanza utepe wa shoga yangu uligeuka mwekundu. Alikuwa anauza, tena vizuri. Lakini anayekosa alasiri mbili za wiki, mojawapo Ijumaa ambapo watu wa mikoani wanafunga mizigo ya kupakia kwenye mabasi, hawezi kulingana na anayeshinda dukani. Siku moja tulikuwa kwa mama ntilie nyuma ya duka, yeye akiwa kwenye mashine yake, msimamizi akasukuma sahani pembeni.

"Jamani, sisi hapa hakuna tusichokichangia. Harusi tunachanga, kipaimara tunachanga, msiba tunachanga, mtu kajifungua tunachanga. Huyu mwenzetu si tumchangie mauzo?"

Tulicheka, kisha tukaacha kucheka. Ilikuwa rahisi mno. Unauza jora, unafika kaunta, badala ya namba yako unaweka ya kwake. Hakuna anayeibiwa. Kitambaa kimetoka, hela imeingia, binti bosi amepata chake. Aliyetoa ni wewe peke yako.

Mtu akauliza kila mmoja atoe kiasi gani. Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa ambalo watu kama sisi tu ndio tungelifanya. Kila aliyewahi kuwa kwenye kamati ya harusi hapa mjini anaijua ile orodha inayorushwa kwenye kundi la simu, jina na ahadi, jina na alichotoa, na aliyetoa kidogo anasemwa mpaka harusi ya mwanawe mwenyewe. Tulisema safari hii tusiaibishane. Hakuna orodha, hakuna kiwango, kila mtu atoe alichojaaliwa na asimwambie mwenzake. Tulijiona waungwana. Matokeo yake kila mmoja, kwa kuogopa kwamba huenda yeye ndiye bahili wa kundi, akawa anatoa kuliko alivyokusudia. Mimi nilimpa mteja wangu wa mapazia ya nyumba ya wageni nzima. Dada wa kona ya kanzu, ambaye hakuwa anasalimiana naye kwa ugomvi wa feni, nilimwona kwa macho yangu akiingiza namba ya shoga yangu, kisha akageuka kuangalia kama kuna aliyemwona. Nikajifanya nakunja pazia.

Na kwa kuwa yeye alasiri zile hayupo kuona aibu, ndizo tulizozitumia zaidi. Jumanne na Ijumaa, kuanzia alasiri, namba yake ilikuwa haipumziki.

Asubuhi aliyokuta utepe wake umekuwa wa kijani alisimama chini ya runinga na mkoba wake begani. Nilimweleza. Akaniambia, "Kwa hiyo mmeniweka juu nikiwa nimelala." Akacheka kicheko chake chote, watu wa vifungo wakachungulia. Halafu akaenda stoo ya ndani na kukaa huko mpaka alipomaliza kulia. Hatukumfuata.

Mwisho wa mwezi wa pili binti bosi alitukusanya kabla ya kufungua duka. Alikuwa na furaha, uso wake ulionyesha. Akawasha runinga, na badala ya tepe zetu akaweka mchoro mmoja mkubwa wenye picha ya shoga yangu juu yake. Yeye ndiye aliyeongoza duka zima. Tulitazamana. Kila mtu alijua alichotoa yeye, hakuna aliyejua jumla yake. Binti bosi akatuonyesha kwa kidole vilele viwili vilivyosimama juu ya vingine vyote.

"Oneni hapa. Jumanne jioni na Ijumaa jioni. Sisi wote tunachoka saa hizi, yeye ndiyo anaanza. Hizi ndizo saa zake za dhahabu." Akamgeukia kwa heshima kabisa. "Mama, hebu tuambie siri. Huko Gerezani huwa unafanyaje?"

Mkono wa shoga yangu ulikuwa chini ya mtandio, ule mkono wenye nundu za sindano. Akasema, "Nalala chali tu, mwanangu. Wateja wanakuja wenyewe."

Binti bosi alicheka mpaka akafuta machozi. Sisi tulicheka kwa sababu tusingecheka angeshangaa. Msimamizi alitoka nje akasema anapokea simu ambayo haikuita.

Cheko lilipokwisha, habari yenyewe ikaja. Kulikuwa na duka jipya linafunguliwa Posta, dogo, la vioo, la wafanyakazi wa maofisini wanaotafuta kitambaa cha kushona wakitoka kazini. Litakuwa linafungwa usiku. Shoga yangu ndiye atakayeliendesha, na msichana mmoja mpya wa kumsaidia. "Jioni ndiyo nguvu yako, mama," alisema binti bosi. "Data imeniambia mahali pa kukuweka." Tukapiga makofi. Nayakumbuka yale makofi kuliko kitu kingine chochote cha mwaka ule.

Aliomba aachwe Kariakoo, akaambiwa asijishushe. Aliomba angalau Jumanne na Ijumaa atoke mapema, akaambiwa hizo ndizo siku zenyewe. Sisi tukakaa kwa mama ntilie na kubishana. Wengine walisema tumwambie binti bosi ukweli. Wengine wakakumbusha alichokisema siku ya kwanza, kwamba anayeingiza taarifa ya uongo kwenye mfumo ni mwizi kama wezi wengine. Shoga yangu alitukatiza.

"Mkifukuzwa wote, nani atanichangia sanda? Nyamazeni."

Mimi sikuweza kunyamaza. Nilipanda ghorofani siku iliyofuata, nikafunga mlango wa kioo, nikasema yote. Nikasema figo, nikasema mashine, nikasema Gerezani hakuna mzigo, nikasema zile saa za dhahabu tulizitengeneza sisi kwa vidole vyetu. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akageuza kompyuta yake ili na mimi nione. Utepe wangu ulikuwa pale, wa njano, unafifia kuelekea wekundu, wiki kwa wiki, tangu nilipoanza kutoa.

"Dada yangu," aliniambia taratibu, "nakuelewa. Ninyi ni marafiki wa siku nyingi. Mwenzako anapanda na wewe unashuka. Inauma. Lakini usimfanyie hivi."

Hakuna tusi nililowahi kutukanwa Kariakoo, na nimetukanwa mengi, lililoniingia namna hiyo. Nilimwambia awaite wenyewe awaulize. Akawaita. Msimamizi alikuja, akaulizwa kama ni kweli, akatazama viatu vyake. Uongo wa Gerezani ulitoka kinywani mwake, na ana watoto wanasoma. Alisema anachojua yeye mama yuko stoo. Akaja shoga yangu, amejifunga mtandio vizuri, akaulizwa kama anaumwa.

"Presha kidogo tu, mwanangu. Nani asiye na presha hapa mjini?"

Hakunitazama. Kwenye ngazi nilimshika mkono ule mzima nikamuuliza kwa nini. Alikuwa hana hasira na mimi, na hiyo ndiyo ilinimaliza.

"Ulitaka nimjibu nini? Nikisema ndiyo, naambiwa nikapumzike. Nyinyi mnaambiwa wezi, mnanifuata. Shoga, wewe una moyo mzuri ila una haraka."

Akaenda Posta. Tulijaribu kuendelea kumchangia, mfumo ukakataa. Ukiingiza namba yake kwenye kishikwambi cha Kariakoo kinakuandikia kwamba muuzaji huyo hayupo tawi hili. Tukawaza kumpelekea wateja. Lakini mtu aliyetoka Masasi kununua vitenge vya jumla, mizigo yake ipo Kariakoo na basi linamsubiri, utamwambiaje aende kwenye duka la vioo Posta? Mteja wetu mmoja alikubali, mama wa Tunduru aliyemzoea miaka yote. Alirudi kwangu uso umemsawijika.

"Nimemkuta kasinzia juu ya majora," alisema. "Viatu havimwingii. Kavaa malapa ya kuogea. Mbona mmemwacha vile?"

Jioni hiyo nilifunga kona yangu mapema, nikapanda basi la mwendokasi pale Gerezani mpaka Posta. Duka lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo. Baridi ya kiyoyozi, vitambaa vimetundikwa kama picha, na ukutani runinga yake mwenyewe yenye tepe mbili tu. Wa kwake ulikuwa mwekundu. Uso wake ulikuwa umejaa, macho yamekuwa madogo. Yule msichana alikuwa anamhudumia mteja, kwa hiyo tulizungumza kwa sauti ya chini nyuma ya kaunta.

"Ijumaa ulikwenda?"

"Wiki jana nilikwenda, asubuhi."

"Wiki jana? Na Jumanne hii?"

"Hospitali wameniambia zamu za asubuhi zimejaa, kuna foleni ya watu. Ikipatikana wataniita. Nikiondoka hapa jioni, utepe unashuka. Ukirudi kwenye njano nitakwenda."

Nilimwambia aache kazi. Nilimwambia kwa ukali, mpaka mteja akageuka. Akanivuta karibu.

"Nikiacha kazi, kadi inaondoka na kazi. Nikienda hospitali, kazi inaondoka na kadi. Wewe mwenye kidato cha nne nipigie hiyo hesabu."

Nilimnunulia malapa mengine, makubwa zaidi, kwa mmachinga aliyekuwa nje ya mlango wake. Aliyavaa pale pale na kusema sasa anaweza kukimbia mbio za mwenge.

Alianguka dukani kabla mwezi haujaisha, alasiri, mteja akiwa anachagua. Yule msichana alisema alikuwa anamwambia mteja kwamba kile kitambaa hakimfai. Walimfikisha hospitali, lakini alifariki asubuhi iliyofuata. Nilipopigiwa simu nilikuwa nashusha jora la pazia, na mteja akaendelea kuniuliza kama kuna rangi nyingine. Nikamtafutia.

Msiba ulikuwa Buguruni, kwenye chumba alichopanga na uwanja mdogo wa mbele. Wanaume walikwenda kuzika, sisi tukabaki kwenye mikeka. Binti bosi alikuja. Alijifunga khanga kichwani vibaya kama mtu asiyezoea, akakaa chini kati yetu, akalia kweli. Sikumwonea huruma. Kila aliyefika, binti bosi alimwambia kwamba marehemu alikuwa mchapakazi wake namba moja, hata Jumanne na Ijumaa jioni, watu wote wakiwa wamechoka.

Baadaye wakaingia watu watatu tusiowafahamu, wawili wanawake na mzee mmoja. Walitembea polepole. Kila mmoja alikuwa na bandeji kwenye mkono, na nundu zile zile. Yule mama mkubwa zaidi alisaidiwa kukaa, akatoa pole, akasema wao ni wenzake wa kwenye mashine.

"Tumemkosa wiki kadhaa," alisema. "Jumanne na Ijumaa alasiri, kitanda cha dirishani kilikuwa chake, miaka yote. Alikuwa anatuchekesha mpaka manesi wanatufokea. Tukauliza mbona haji, tukaambiwa amepandishwa cheo. Tukafurahi."

Nilikuwa namtazama binti bosi. Alikoma kulia. Akauliza kwa sauti ndogo, "Jumanne na Ijumaa saa ngapi?"

"Tunaanza alasiri, binti yangu, tunatoka giza limeingia. Hata ukiwa na shughuli gani huwezi kutoka. Damu yako iko nje."

Binti bosi alitazama mikono yake, kisha akanitafuta kwa macho kati ya akina mama wote wale. Alipokuwa anaondoka alinifuata nilipokuwa nasuuza vikombe.

"Ulikuwa unaniambia ukweli."

"Ndiyo."

"Kwa nini yeye mwenyewe alikataa?"

"Kwa sababu ya runinga yako," nikamwambia, na nikaendelea kusuuza. Akaenda zake.

Kwa siku zile chache nilikuwa na tumaini, nalikiri kwa aibu. Niliamini nitafika dukani nikute ukuta umebaki na matundu ya misumari. Nilijua anajilaumu. Watu wa nyumbani kwake walisema halali usiku, na kwamba amekwenda kukaa miguuni mwa baba yake asiyeweza kusema.

Jumatatu runinga ilikuwa mahali pake. Pembeni mwa kishikwambi palikuwa na kifaa kipya, kidogo, cheusi, chenye kioo cha ukubwa wa kidole. Binti bosi alikuwa amekonda. Alituambia kwamba anajua tulichokifanya, na kwamba hatafukuza mtu, kwa sababu anaamini tulikuwa na nia njema. Lakini tulimdanganya. Laiti takwimu zingekuwa za kweli, angeuona ule utepe mwekundu, angeuliza, angemsaidia. Tulimficha mgonjwa ndani ya mfumo wake. Kuanzia leo kila mauzo yatathibitishwa kwa dole gumba la aliyeuza.

"Ili hili lisitokee tena," alisema.

Tukapanga foleni. Msimamizi kwanza, kisha wengine, kila mmoja akibonyeza mpaka kifaa kilie. Langu lilikataa mara kadhaa kwa sababu vidole vya watu wa mapazia vimelainika kwa vitambaa, nikaambiwa nilifute nirudie.

Sasa yule dada wa kona ya kanzu ana mimba inayomsumbua. Daktari amemwambia asisimame sana. Wiki iliyopita utepe wake umegeuka mwekundu. Tulikuwa kwa mama ntilie, yeye akila kimya, haombi kitu, anatutazama mmoja mmoja kwa zamu. Hakuna aliyesema tuchange. Msimamizi alilitazama dole gumba lake, akalifuta kwenye suruali, akaendelea kula.